Jezi Kumi na Moja Kwenye Kamba Zangu

Katika ukoo wa marehemu mume wangu kuna mkaguzi wa shule, ambaye ni yeye mwenyewe, kuna mhandisi, ambaye ni mwanangu, kuna wauguzi wawili na karani wa mahakama. Na kuna mfua jezi. Huyo ni wifi yangu, dada yake mdogo mume wangu, na kwa miaka kumi na tisa nilipoulizwa anafanya kazi gani nilijibu, "Yuko upande wa michezo." Sikusema uongo. Nilisimama tu mahali ambapo ukweli ulikuwa haujaanza kunuka soksi.

Mji mzima unamwita Povu. Wachezaji ndio waliompa jina hilo, naye alilipokea kama wengine wanavyopokea cheo. Ni mwembamba, ila mikono yake ni ya mtu mwingine mnene zaidi, na ncha za vidole vyake hazitoki mikunjo hata siku ya mapumziko. Chumba chake cha kazi kiko chini ya jukwaa la uwanja: mashine mbili ambazo moja tu inazunguka, makarai matano, bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, na meza ndefu ya kupigia pasi. Siku ya mechi hapandi juu kutazama. Anakaa humo humo, anasikiliza vishindo vya miguu juu ya kichwa chake. Nguo zikija, anazitandaza sakafuni kabla ya kuziloweka, na hapo anausoma mchezo wote.

"Beki huyu ana majani kwenye goti la kushoto tu," husema. "Alipitwa upande mmoja dakika tisini. Na huyu mshambuliaji wenu, hebu tazama. Bukta hii ingeweza kwenda harusini."

Mambo hayo sikuyajua mpaka mjukuu wangu alipougua. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga mle chumbani.

Mjukuu huyo tunamwita Kipa, kwa kuwa alidaka mpira shuleni kwao tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Alipofika kumi na sita alianza kupata michubuko isiyopona, kila mtu akadhani ni ya golini. Ilikuwa saratani ya damu. Wazazi wake wanafanya kazi mbali, na hospitali yenye dawa hizo iko mjini kwetu, basi akaja kukaa kwangu. Daktari alimpangia mizunguko sita ya dripu. Mitatu ya kwanza aliimaliza nami nikiwa ubavuni pake, kwa sababu wodi ile inaruhusu ndugu mmoja tu, na kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na kitanda chake nilikihesabu kuwa changu.

Kilichomuuma kuliko sindano ni kukatazwa uwanja. Damu yake haikuwa na kinga, hivyo penye watu wengi hapakumfaa. Timu ya njano alikuwa anaifuata tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Nikaona hapa ndipo mahali pangu. Nilimwandikia mwenyekiti wa klabu barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko niliowafundishia watoto miaka thelathini na moja, nikamkumbusha marehemu alikuwa nani. Wifi sikumwambia. Nilitaka jambo hili lipitie mlango wa mbele.

Nahodha alikuja siku ya Jumatano, na mpira uliosainiwa, na mpiga picha. Nahodha ni kijana wa adabu. Alivua viatu mlangoni, akasalimu vizuri. Kipa alimuuliza mbona mabeki wanasogea mbele sana kona inapopigwa, naye akacheka, akasema swali hilo amwachie kocha. Ndipo mpiga picha akaninong'oneza, "Mama, hicho kitambaa cha kichwani kikitoka, picha itasema zaidi."

Kipa alinitazama. Nami nilikuwa nawaza picha ile itakavyoonekana, nyumba ya mkaguzi, sebule iliyopangwa, nahodha na mjukuu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akavua.

Kesho yake picha ilikuwa kwenye simu za watu wote: "Timu Yamfariji Mgonjwa." Kipa aliitazama muda mrefu.

"Darasa zima wamekiona kichwa changu," alisema. Baadaye, akiwa ameelekea ukutani, akasema, "Bibi, mzunguko wa nne siendi."

Mzunguko huo ulipangwa Jumatatu, wiki ya pili baada ya hiyo. Daktari alikuwa ameshaniambia wazi: kuacha katikati ni kuurudishia ugonjwa yote tuliyoupokonya. Nilimsihi Kipa, nikamhutubia, nikalia jikoni ambako hakuna anayeona. Chakula alikula vijiko viwili, akageuka tena ukutani. Na mimi ndiye niliyemgeuza huko.

Ijumaa asubuhi geti likagongwa. Wifi yangu alikuwa amesimama na mfuko mkubwa mweupe, amevaa nguo safi, barakoa usoni.

"Wifi, niazime kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kuanikia vijana."

"Vijana gani?"

"Ingiza mfuko kwanza, majirani wana macho. Na shuka unazo ngapi? Nipe zote."

Nikaelezwa mambo hapo uani. Kila Ijumaa kocha humpa karatasi yenye kikosi cha kesho, kabla wachezaji wenyewe hawajaambiwa, kwa sababu lazima zile jezi kumi na moja azianike zipate hewa, azipige pasi na kuzipanga. Miaka kumi na tisa siri ya karatasi hiyo haijawahi kutoka kinywani mwake.

"Mke wa mwenyekiti wa zamani aliniletea kilo mbili za sukari nimwambie," alisema. "Nikanywa chai, siri nikabaki nayo. Leo naitoa kwa mtu mmoja tu."

Uani kwangu kuna kamba nne kati ya nguzo mbili. Shuka zangu za kitani alizitundika upande wa uzio ili mtu asichungulie. Kisha akaenda chini ya dirisha la chumba cha mtoto.

"Kipa! Amka! Nina watu kumi na mmoja hapa hawajui wasimame wapi."

Akaanza peke yake. Jezi ya kipa, rangi ya chungwa, akaitundika kwenye kamba ya kwanza, peke yake. Kamba ya pili akatundika mabeki watatu, ya tatu viungo wanne na beki namba nne kando yao, ya mwisho washambuliaji wawili. Nikamwona Kipa ameketi kitandani. Nikamwona ameshika nondo za dirisha.

"Bibi Povu," alisema kwa sauti kavu, "huyo namba nne umemweka mbele mno."

"Kocha ndiye kasema. Anataka asogee na viungo."

"Basi kocha amekosea. Atatuacha wazi nyuma."

"Nimrudishe?"

"Mrudishe kidogo. Kidogo, Bibi Povu! Hapo. Sasa namba saba mgeuze, amempa mgongo mwenzake."

Wifi akawa anakimbia na vibanio mdomoni kati ya kamba na kamba, mtoto akitoa amri dirishani, na upepo ulipopuliza jezi zote zikaelekea upande mmoja, Kipa akapiga kelele, "Offside! Offside!" Alicheka hadi akakohoa. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu alipoingia nyumbani kwangu.

Jirani yangu, mshonaji, akauliza kutoka upande wa pili wa shuka, "Mwalimu, leo umefungua hoteli?"

"Nafanya usafi," nikajibu, na bukta za wanaume zikipepea juu ya kichwa changu, kwenye kamba ambazo marehemu alikataa hata soksi zake zianikwe upande wa barabara.

Mchana Kipa alimaliza sahani. Chakula nilipika mimi, tangu alfajiri. Alipomaliza akasema, "Mwambie Bibi Povu asante."

Nataka niseme jambo hili kama lilivyokuwa. Ningepaswa kufurahi, nami nilifurahi kama mtu anayekula pilipili, ladha na moto pamoja. Barua yangu ya kurasa mbili ilimlaza mtoto ukutani, na mfuko wa jezi ulimwamsha. Mimi ndiye niliyejua saa za dawa, mimi ndiye niliyeosha beseni usiku, halafu anakuja mtu na vibanio. Jumamosi nilimpigia daktari simu, nikamuuliza kama nguo za wachezaji haziwezi kuleta vijidudu. Niliuliza kwa matumaini makubwa.

"Nguo safi hazina neno, mama," alijibu. "Na huyo mgeni akivaa barakoa na kunawa mikono, mwache aje. Mtu wa kumchekesha tunamhitaji sana."

Nilimshukuru kwa adabu kama unavyomshukuru mtu aliyekukanyaga mguu.

Jumatatu wifi alikuja baada ya kazi, akaketi mlangoni mwa chumba, akausimulia mchezo wa Jumamosi kwa madoa. Kipa akaandika kwenye daftari: nani alilala chini, nani alivutwa jezi, nani alirudi msafi. Namba nne alikuwa na tope mgongoni, ishara kwamba aliangushwa akikimbia kurudi nyuma.

"Nilisema au sikusema?" Kipa akauliza.

"Ulisema. Kocha angekusikia angejificha."

Wiki ile kila asubuhi, kabla sijamaliza kumpima joto, swali lilikuwa moja: "Bibi Povu anakuja saa ngapi?" Mimi ni Bibi, bila jina. Yeye ni Bibi Povu. Niliwahi kudhani asiye na jina la ziada ndiye mkubwa.

Lakini kuhusu mzunguko wa nne, kimya. Nikamvuta wifi jikoni.

"Wewe anakusikiliza. Mbona humwambii aende?"

"Wifi, doa likisuguliwa sana linaingia ndani ya uzi. Linalowekwa."

"Tumebakiza siku nne, na wewe unaloweka?"

"Naloweka," akasema, akatoka.

Siku nne hizo zikawa tatu. Ijumaa ya pili alikuja tena, wakapanga kikosi, wakabishana, wakacheka. Kipa akachoka, akalala. Wifi akakumbuka kuwa soksi ameziacha uwanjani.

"Nakwenda na kurudi. Jezi zikikauka ziache hapo hapo, nitakuja kuzipiga pasi mwenyewe. Usijisumbue."

Huko kuambiwa nisijisumbue ndiko kulikonisumbua. Nilimpigia mkaguzi wa shule mashati miaka ishirini na sita. Kola zake zilisimama zenyewe mezani. Nikasema moyoni, mtoto akiamka atakuta jezi zimenyooka kwa kiwango ambacho uwanja ule haujawahi kukiona, na atauliza nani kazinyoosha. Nikachanganya maji ya wanga kama nilivyofanya kwa mashati, nikanyunyiza, nikawasha pasi mpaka mwisho, nikaanza na jezi ya kipa kwa kuwa ndiyo mtoto anaipenda. Nikaigeuza mgongo juu. Nikakandamiza.

Namba moja ilitoka na pasi.

Haikuchanika. Iliyeyuka na kunata chini ya pasi, nyeusi, ikivutika kama ulimbo, na mgongoni mwa jezi pakabaki alama ya kung'aa. Harufu ya plastiki ilijaa nyumba nzima.

"Bibi, nini kinaungua?"

Kipa alikuwa mlangoni, ameshika ukuta. Nyuma yake wifi akaingia na soksi zake kifuani. Wote wawili wakaitazama pasi, kisha jezi, kisha mimi.

"Hizi hupigwa kwa ndani," wifi akasema taratibu. "Pasi ya vuguvugu."

"Kipa wa timu ana nyingine?" Kipa akauliza.

"Ya akiba ilichanika bega lote Jumamosi, haishoneki. Mpya hazijaja. Na refa hamruhusu kipa asiye na namba." Akaketi kwenye stuli. Nikamwona kwa mara ya kwanza akiwa amechoka. "Basi. Nitasema ni mimi. Watanifokea, labda watanisimamisha. Ya nini jina la Mwalimu lifike kwenye midomo ya watu wa uwanjani?"

Nakiri kwamba kwa muda wa pumzi tatu nilitaka kukubali. Niliona njia imefunguka. Yeye angelaumiwa, angeacha kuja, na jina letu lingebaki safi. Lakini Kipa alikuwa ananitazama jinsi alivyonitazama siku ya kitambaa, na safari hii nilijua maana yake.

"Nipe simu ya huyo mkubwa wako," nikasema.

"Utamwambia nini? Mwalimu mkuu mstaafu kamuunguza kipa?"

"Hivyo hivyo."

Nikapiga. Meneja wa vifaa alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akaacha kucheka, akasema kama namba haitakuwepo kesho saa tisa, tutacheka vizuri zaidi. Nikamuuliza kama namba ya kitambaa inakubalika. Akasema ikisomeka, inakubalika.

Tulihitaji kitambaa cheusi kizito. Wifi akataja kwenda kwa jirani mshonaji, nami nikaona moyoni uso wa jirani akiuliza ni cha nini. Nikaenda kabatini. Koti jeusi la marehemu lilikuwa ndani ya mfuko wake, na vidonge vya kuzuia nondo mifukoni, miaka kumi na moja. Ndilo alilovaa akienda kufungua shule. Dada yake aliponiona nalo akasimama.

"Wifi, hapana. Hilo la Kaka."

"Alipenda vitu vionekane vizuri kwa nyuma. Leta mkasi."

Nililikata pindo. Kipa alichora namba kwa chaki na rula yangu, akaikata mwenyewe. Sindano nilimnyima, maana tone la damu kwake si mchezo. Kabla sijaanza kushona akaomba kalamu ya wino, akageuza kile kitambaa upande wa ndani na kuchora glavu ndogo.

"Haitaonekana," nikamwambia.

"Ndiyo nataka. Atavaa bila kujua."

Nikashona kwa mishono ya karibu karibu. Wao wawili waliketi kando ya dirisha, wakinong'ona na kucheka jambo nisiloambiwa, na kila mshono niliupitisha na wivu wangu. Labda ndiyo maana ilishika vile.

Jumamosi mechi ilikuwa ugenini, basi tulitazama kwenye televisheni, watatu. Timu ya njano ilifungwa mbili kwa moja. Goli la pili lilipita katikati ya miguu ya kipa.

"Hilo si kosa la namba," Kipa akasema haraka, kabla sijaguna.

Lakini mara moja, kabla ya kona, kamera ilimsogelea kipa kwa nyuma, na namba ikajaa kioo kizima, nyeusi, imenyooka. Kipa alishika mkono wangu. Mtangazaji hakuitaja. Ilikuwa yetu sisi watatu tu, na ya marehemu.

Mechi ilipoisha akasema, akiitazama televisheni, "Jumatatu nitakwenda."

Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Akanikatiza.

"Lakini safari hii nataka Bibi Povu aingie na mimi. Wewe, Bibi, ukiona sindano unakaza uso kama unasahihisha mtihani. Yeye atanichekesha."

Kiti changu. Mizunguko mitatu nilikaa juu yake mpaka mgongo ukachukua umbo lake. Nilimtazama wifi, nikitegemea aone haya akatae. Yeye alikuwa na wasiwasi wa kwake.

"Kipa, Jumatatu ndiyo siku ya kufua. Nguo za Jumamosi zikikaa, madoa hayatoki tena. Na pale sina msaidizi."

Kipa aliinamisha kichwa. Nikaona ule ukuta unaanza kumwita tena.

"Nitafua mimi," nikasema.

Wifi alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Wewe? Chini ya jukwaa?"

"Nina mikono."

"Wanga usitie tu, wifi yangu. Nakuomba kwa jina la Kaka."

Hivyo Jumatatu asubuhi niliwafikisha mlangoni mwa wodi, nikamkabidhi wifi mfuko wa nguo za mtoto, karatasi ya saa za dawa na miwani yake mwenyewe aliyokuwa ameisahau mezani kwangu. Mlango ukafungwa. Nikaenda uwanjani kwa miguu, kupitia barabara kuu, mchana kweupe. Mlinzi wa geti akaniuliza mimi ni nani. Nikamjibu, "Ni wifi yake Povu." Akafungua.

Bomba lilikohoa kama nilivyoambiwa. Nikazitandaza nguo sakafuni, nikachukua daftari. Namba moja ilikuwa na tope nyonga ya kushoto, na kwenye kitambaa cha marehemu mshono mmoja tu ulikuwa umelegea, chini kabisa. Winga alikuwa na majani mgongoni. Mshambuliaji alirudi vile vile na bukta yake ya harusini. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, nikaloweka nilizokwisha kuzisoma, na saa ya kutazama wagonjwa nikaupeleka, nikampa nesi auingize.

Nilibaki nje ya kioo. Wifi yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anasoma. Kipa alikuwa na dripu mkononi, na juu ya barakoa macho yake yalikuwa yamekunjamana kwa kicheko. Maneno yalikuwa yangu, sauti ilikuwa ya Povu. Roho iliniuma, sitaficha.

Kisha Kipa akaomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi yangu, akainyanyua na kuniwekea kwenye kioo.

"Namba nne je?"

Namba nne nilikuwa sijamsoma. Nilimruka. Nikamwashiria kwa mkono angoje, nikageuka, nikashuka ngazi za hospitali na kurudi uwanjani mbio, kwa kadiri magoti yangu yalivyoweza, nikimshukuru Mungu kwamba nilikuwa sijamloweka.